Hazipo, Zimo: Kusoma Sehemu Moja ya Damu

Matini ninayopendekeza tuisome pamoja ina namba mbili na mstari mmoja. Juu ya mstari imekaa idadi ya nyutrofili, chini yake idadi ya limfosaiti, na zote mbili zimehesabiwa katika damu ya mtu mmoja, iliyotolewa kwa sindano moja. Kwa mgonjwa wa glioblastoma, ambayo ndiyo saratani kali inayowapata watu wazima wengi zaidi miongoni mwa zile zinazoanzia ndani ya ubongo, matini hiyo huwa imeshaandikwa kabla hajafikishwa chumba cha upasuaji: imo katika karatasi ya picha nzima ya damu, kipimo cha kawaida kabisa. Tuchukue mfano wa nyutrofili 7.6 na limfosaiti 1.2, kwa hesabu ya mabilioni katika lita; tukigawanya tunapata 6.3. Ndio uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti. Kwa ufupi wake, wengi huupitia kama apitaye kando ya kaburi lisilo na jina. Mimi nauchukua kuwa ni utungo uliokamilika, wenye umbo, sauti na ukimya wake, na hoja yangu ni kwamba uzito wa utungo huu umelala chini ya mstari, katika kile ambacho umbo lenyewe halina namna ya kukitamka.

Hisabati ya shule za msingi ilitupa msamiati unaotufaa hapa kuliko wowote ninaoweza kuubuni. Namba iliyo juu ya mstari tuliiita kiasi, na iliyo chini tuliiita asili. Na neno hili la pili, ambalo nje ya darasa hutaja chanzo, chimbuko na tabia ya kitu, linasema jambo la kweli kuhusu umbo la sehemu, maana kiasi hakijulikani ukubwa wake mpaka asili itaje kinapimwa kwa nini. Mhakiki wa ushairi atatambua hapa kitu kinachofanana na tathnia, ubeti wa mishororo miwili ambamo mshororo wa kwanza huweka jambo na wa pili huamua litaeleweka vipi. Jicho huanza juu, kama ilivyo desturi yake, lakini hukumu hutoka chini.

Kabla ya kuwa namba, mishororo hii ilikuwa picha, na ni vema tuirudie hatua hiyo hata kama leo mashine hutufanyia kazi. Tone la damu huwekwa karibu na ncha ya kioo, kioo cha pili hulisukuma kwa mwinamo, na damu hutandazika kama ulimi, nene kwenye shina na nyembamba kwenye ukingo. Rangi ya Giemsa humwagwa juu yake. Na aliyeipa rangi hiyo jina lake, Gustav Giemsa, alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898, kabla ya kazi yake ya Hamburg kumletea sifa. Chini ya lenzi ya mara 100, ndani ya tone la mafuta, nyutrofili huonekana na kiini cha zambarau kilichokatika vipande viwili hadi vitano, vikishikana kwa nyuzi nyembamba kiasi kwamba mtazamaji hudhani vitaachana. Limfosaiti ni kinyume chake kwa kila hali: kiini kimoja cha mviringo, cheusi kwa kushiba rangi, kimejaza karibu chumba chote, na pembezoni umebaki utepe mwembamba wa samawati. Mteknolojia wa maabara huisogeza slaidi kwa njia ya meno ya ngome, huku na huku, akibonyeza vitufe vya kihesabio hadi seli mia zitimie. Hana budi kufuata njia hiyo, kwa kuwa seli kubwa hupenda kukimbilia kingo za ulimi na ndogo hubaki katikati. Anayesoma katikati pekee atasoma shairi jingine.

Tofauti ya sura hizo mbili inafuatwa na tofauti ya wakati, na hapa ndipo ubeti unapoanza kunena. Nyutrofili iliyokwisha kutoka kwenye uboho hukaa katika damu kwa saa chache, pengine kutwa moja, kisha huingia kwenye tishu au hufa. Limfosaiti yenye kumbukumbu inaweza kuishi miaka, ikizunguka kutoka damu hadi tezi na kurudi, imebeba habari ya ugonjwa ambao mwenyewe ameshausahau. Kwa sarufi yetu, mshororo wa juu umetungwa kwa -na-, wa chini kwa -me-: juu ni mwili unavyojibu sasa, chini ni kile ulichokwisha kujifunza na bado unacho. Sehemu ya damu inauweka wakati uliopo juu ya wakati timilifu, kisha inauliza mmoja unaulemea mwenzake mara ngapi. Sijui umbo jingine la kitabibu linalobeba nyakati mbili kwa alama chache kiasi hicho.

Kuna mbinu mbili zilizofichwa ndani ya mstari wenyewe. Ya kwanza ni kufutika kwa vipimo: kiasi kimehesabiwa kwa lita, asili imehesabiwa kwa lita, na tendo la kugawanya huziondoa lita zote mbili, likaacha namba iliyo uchi, ambayo husafiri kutoka maabara hadi maabara bila kudai tafsiri. Ya pili, ambayo ni muhimu zaidi, ni kutolingana kwa sauti. Tuishike nyutrofili palepale kwenye 4 na tuipunguze limfosaiti: ikiwa 2, jibu ni 2, ikiwa 1, jibu ni 4, ikiwa nusu, jibu ni 8. Kila asili inapokatwa nusu, jibu huongezeka maradufu, na kadiri asili inavyokaribia sifuri ndivyo upungufu mdogo unavyozidi kupaza sauti. Kiasi hakina nguvu hiyo, kwa kuwa chenyewe hupanda ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo umbo hili si mizani iliyosimama katikati. Limejengwa lisikie zaidi kinachopungua kuliko kinachoongezeka, na kama lingetungwa makusudi kwa ajili ya ugonjwa unaopunguza limfosaiti lisingekuwa tofauti.

Lakini ufinyazi una gharama yake, na msomaji makini huilipa kwa macho wazi. Nyutrofili 8 juu ya limfosaiti 2 ni 4, nyutrofili 4 juu ya limfosaiti 1 ni 4, nyutrofili 2.4 juu ya limfosaiti 0.6 ni 4 vilevile. Wa kwanza ana kinga iliyochemka na akiba ya kutosha. Wa tatu amekauka pande zote mbili. Namba iliyozaliwa ni moja. Isitoshe, mshororo wa chini unazichanganya seli zisizo na nia moja. Mwaka 2006 Peter Fecci na wenzake walionyesha kwamba katika damu ya wagonjwa wa glioma kali, ukoo wa uvimbe ambamo glioblastoma imo, kundi la limfosaiti ziitwazo seli T za CD4 limesinyaa, ilhali ndani ya kundi hilo fungu la seli T rekebishi, zile ambazo kazi yao ni kuituliza kinga, limekuwa kubwa. Mgonjwa ana seli chache, na katika hizo chache sehemu kubwa kuliko kawaida imeshika breki. Mshororo wa juu nao una wageni wake, yaani seli changa za ukoo wa uboho zenye uwezo wa kuikandamiza kinga, ambazo huongezeka katika damu ya wagonjwa hawa na ambazo hesabu ya kawaida haizitenganishi. Hili ni tabia ya umbo kabla ya kuwa dosari yake: tathnia haitakiwi kubeba utenzi, mradi msomaji asisahau kwamba utenzi upo.

Historia ya usomaji wake ni fupi. Mwaka 2001 Roman Zahorec wa Bratislava aliupendekeza uwiano huu kwa wagonjwa mahututi, akiuona kuwa njia ya haraka na rahisi ya kupima msukosuko wa mwili mzima. Mwaka 2013 Richard Bambury na wenzake waliupeleka kwenye glioblastoma: waliwasoma wagonjwa 84, wakachora mpaka kwenye namba 4, wakaona kwamba waliokuwa juu ya mpaka huo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 7.5, na waliokuwa kwenye mpaka au chini yake miezi 11.2. Namba 4 tangu hapo imekuwa kama kituo ndani ya mshororo, mahali pa kuvuta pumzi, na kama kila kituo inalipendeza sikio kiasi cha kulisahaulisha kwamba pumzi yenyewe haina mpaka. Aliye na 3.9 na aliye na 4.1 wanasoma ubeti mmoja.

Kisha kuna suala la mwandishi. Tumezungumza kana kwamba uvimbe peke yake ndio ulioshika kalamu, na sivyo. Tangu 1961, Joseph Galicich na Lyle French wa Minnesota walipoeleza jinsi deksamethasoni inavyoyapunguza maji yanayouvimbisha ubongo kando ya uvimbe, dawa hiyo imekuwa msaada wa kwanza wa mgonjwa anayelia kichwa na kutapika alfajiri. Humfungua macho, humrudishia maneno. Na wakati huohuo huandika upya mishororo yote miwili. Karibu nusu ya nyutrofili zilizo ndani ya mishipa huwa zimejibanza kwenye kuta, ambako sindano haizifikii. Dawa huzibandua, zikaelea, zikahesabika, na kiasi kikapanda hata kama uboho haujatoa seli mpya hata moja. Limfosaiti kwa upande wao huondolewa kwenye mzunguko na baadhi hufa, asili ikashuka. Dawa imesukuma juu kwa mkono mmoja na kuvuta chini kwa mwingine, na jibu, kwa ile kanuni ya kutolingana kwa sauti, limeruka.

Wapo wanaoona kwamba hapo usomaji umekwisha, kwamba uwiano unapima dozi tu. Nadhani wameacha ukurasa mmoja bila kuufungua. Dozi haitoki hewani: daktari huipandisha kwa kuwa uvimbe ni mkubwa, au umekaa mahali pabaya, au maji yamezidi. Dawa ni sauti ya daktari inayomnukuu mgonjwa anayeunukuu uvimbe, na katika nukuu ya namna hiyo msemaji wa kwanza hasikiki sawasawa, wala hapotei. Kinachotakiwa ni uaminifu wa kawaida wa mhariri anayeandaa toleo la hati ya kale: ataje kila mkono uliopita juu ya karatasi. Uwiano usioambatana na dozi ya siku ile na tarehe ya dozi ya kwanza ni shairi lililochapishwa bila jina la mwandishi wake wa pili.

Sasa tuushukie mshororo wa chini, kwa swali ambalo dawa hailijibu. Wapo wagonjwa ambao limfosaiti zao zilikuwa chache kabla hawajameza kidonge cha kwanza. Zilikwenda wapi? Kwa miaka mingi upungufu huu ulielezwa kwa lugha ya kifo, kwamba seli zimechoka au zimeuawa. Mwaka 2018 kundi la Fecci katika Chuo Kikuu cha Duke, Pakawat Chongsathidkiet akiwa mwandishi wa kwanza, lilitoa jibu ambalo kwangu ni badiliko la kisarufi. Kwa wagonjwa wa glioblastoma ambao hawakuwa wameanza matibabu, seli T zilipungua katika damu na bandama lilisinyaa. Na zilipotafutwa zilikutwa zimerundikana ndani ya uboho, nzima, zimefungiwa. Mlango wa kutokea kwenye uboho hufunguliwa na kipokezi kiitwacho S1P1 kilicho juu ya ngozi ya seli. Kwa seli hizi kipokezi kilikuwa kimezama ndani, na seli isiyo na ufunguo haitoki. Panya walieleza sehemu iliyobaki: hata saratani zenye asili nyingine, zikipandikizwa ndani ya fuvu, zilizifungia seli T ubohoni, na zikipandikizwa kwingine hazikufanya hivyo. Ilikuwa habari ya mahali kuliko habari ya aina ya uvimbe.

Na mahali ni jambo ambalo lugha yetu inalijua kwa undani. Kiswahili hakitosheki kusema kitu kipo. Kinauliza kama kipo, kiko au kimo, kwa maana kuwapo mahali dhahiri si sawa na kuwako upande fulani usiobainika, na hayo mawili si sawa na kuwamo ndani. Picha nzima ya damu ina uwezo wa kutamka kiambishi kimoja tu kati ya vitatu hivyo. Hutia sindano mkononi, mahali dhahiri, na hutuletea taarifa: hazipo. Haiwezi kusema zimo, maana haijaingia ndani ya mfupa. Kwa miaka mingi tulisoma hazipo tukaelewa hazipo tena, yaani zimekufa, na kosa hilo la usomaji lilikuwa na uzito, kwa kuwa aliyekufa haitwi arudi, ilhali aliyefungiwa hutafutiwa ufunguo. Katika panya wale, kukizuia kipokezi kisizame kuliziachilia seli, na tiba za kuiamsha kinga zikapata cha kuamsha. Asili ya sehemu yetu, ile 1.2 inayokaa kimya chini ya mstari, ilikuwa ikitaja kutokuwapo, na sisi tukaichukulia kuwa tanzia.

Haimaanishi kwamba hakuna vifo. Mwaka 2011 Stuart Grossman na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 96 wa glioma kali waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi. Miezi miwili baada ya tiba kuanza, wanne katika kila kumi walikuwa na seli za CD4 chini ya 200, na waliofika huko waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 13.1 dhidi ya 19.7 kwa wenzao. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa namba 200 ni nini; imeandikwa katika kadi za kliniki za UKIMWI, na wengi wetu tumewahi kumsindikiza mtu kwenda kuipokea. Kuikuta namba hiyohiyo katika damu ya mgonjwa asiye na virusi, ambaye ugonjwa wake haujavuka fuvu, ni kusikia kina kilekile katika utungo tuliodhani hauhusiani na ule tuujuao. Kina hakithibitishi udugu, lakini humlazimisha msikilizaji ageuke.

Matini hii ina hati nyingine pia. Kila aina ya seli nyeupe huweka alama ndogo za kikemikali, vikundi vya methili, katika sehemu zake mahususi za DNA, na mpangilio huo huitambulisha kama mwandiko. Mwaka 2012 Andres Houseman na wenzake walionyesha jinsi ya kuisoma DNA iliyochanganyika ya damu nzima na kukadiria kila aina ya seli imechangia fungu gani. Mwaka 2017 John Wiencke wa San Francisco na wenzake wakautumia msingi huo kuusoma upya uwiano wetu kwa wagonjwa wa glioma. Faida yake ni ya mhifadhi wa nyaraka: hesabu ya hadubini inataka seli zenye umbo lake, ilhali mwandiko wa methili husomeka hata katika damu iliyogandishwa miaka mingi, seli zikiwa zimepasuka. Sisi ambao tungo zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kirumi tunaelewa vizuri kinachotokea hapo. Shairi ni lile, ila hati mpya huonyesha irabu ambazo ya zamani ilimwachia msomaji azijaze.

Hatimaye, kizingiti, yaani ile namba 4. Neno asili lilitutoka mdomoni mapema, nasi hatuna budi kulirudia kwa maana yake ya pili. Watu wengi wenye asili ya Afrika hawana antijeni ya Duffy juu ya seli zao nyekundu, urithi unaowakinga na malaria ya Plasmodium vivax, na urithi huohuo huwapa nyutrofili chache katika damu bila ugonjwa wowote. Mshororo wao wa juu huanza kwa sauti ya chini. Homa ya malaria nayo, wakati wa makali yake, hupunguza limfosaiti katika mzunguko kwa siku kadhaa, na mshororo wa chini ukaanguka kwa sababu isiyo ya ubongo. Namba 4 iliyochongwa kwa kusoma damu za Ulaya haiwezi kuhamishiwa Mwanza au Mombasa kama ilivyo, kama vile mizani ya bahari moja haitumiki kuhukumu bahari nyingine. Umbo la sehemu linabaki lilelile na uzuri wake; kinachohitaji kupimwa upya, kwa damu za hapa, ni mahali pa kituo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa msomaji mwenzangu ni dogo, nalo latokana na umbo lenyewe. Tusiwe wepesi wa kugawanya. Jibu 6.3 ni muhtasari, na muhtasari wa ubeti mfupi kiasi hiki ni sawa na kuutupa. Tuiandike sehemu ikiwa sehemu, 7.6 juu ya 1.2, pembeni tuweke dozi ya deksamethasoni na tarehe, chini yake tuiache nafasi ya sehemu ya wiki ijayo na ya mwezi ujao, ili mgonjwa awe na beti zinazofuatana badala ya namba moja iliyosimama peke yake. Kisha, kabla ya kuukunja ukurasa, tusome tukianzia chini. Ile 1.2 inahesabu zilizopo. Swali la zilizomo bado liko wazi, nalo litajibiwa na atakayekubali kwamba namba ndogo, iliyokaa mahali pa chini, yaweza kuwa ndiyo inayoongoza shairi zima.